NAFASI NA SAUTI: HISTORIA YA HERUFI ZA ZIADA ZA KISWAHILI, KAMA IONEKANAVYO KUTOKA SHELLA YA MALINDI

1. Utangulizi

Shella inayotajwa katika makala haya si ile ya kisiwani Amu, bali ni mtaa wa kale wa mji wa Malindi, ulioko ufuoni, penye Msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo yanayokadiriwa kuwa ya karne ya 15. Mji huo ulistawi, ukafifia baada ya watawala wake kuhamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, kisha ukafufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya utawala wa Unguja. Kwa lugha, Shella iko kati ya Mvita na Amu. Kwa maandishi, iko kati ya hati mbili. Hati ya Kiarabu imefundishwa vyuoni tangu zama, na hati ya Kirumi ilifika jirani, Rabai, pamoja na wamisionari Krapf na Rebmann katika miaka ya 1840.

Tuseme mtu wa Shella ameachiwa na babu yake utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, naye ataka kuupiga chapa kwa kompyuta. Mara atakutana na mambo matatu. Kwanza, kasra itakaa juu ya nukta za herufi ya p, hata zisitambulikane. Pili, maneno yatakatika mahali pasipostahili, na mengine yatashikana. Tatu, akiamua kutumia hati ya Kirumi na kuweka alama ya kutenga t ya menoni na t ya ufizini, alama hiyo haitakaa chini ya herufi, bali itasogea kando na kuacha pengo katikati ya neno. Atadhani mashine imeharibika, au kwamba Kiswahili cha babu yake hakiandikiki.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kasoro hizo tatu zina historia ndefu kuliko kompyuta. Kila chombo ambacho Kiswahili kimepitia, yaani kalamu, herufi za risasi, taipureta na fonti ya kidijitali, kimeamua kwa namna yake ni sauti zipi zipewe nafasi katika ukurasa na zipi zinyimwe. Tofauti ya zama zetu ni moja tu: uamuzi huo sasa umo mikononi mwa wenye lugha, ikiwa watautwaa.

2. Nafasi katika mkono wa mwandishi

Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua za mwanzo wa karne ya 18 zilizohifadhiwa Goa, pamoja na nakala ya Utendi wa Tambuka wa Pate wa mwaka 1728. Zote ni za hati ya Kiarabu. Hati hiyo ilikuja na herufi 28, nazo zilitosha kwa lugha yake. Lakini hazikuwa na p, wala v, wala ch, wala g, wala ng', na irabu zake ni tatu ambapo Kiswahili kina tano.

Waandishi wa Pwani hawakuona haya kuwa kikwazo kikubwa. Be ilitumika kwa b, p na mb. Fe ikatumika kwa f na v. Ghaini ikachukua g, ng na ng'. Kwa hiyo maneno mbili, pili na bili yangeweza kuandikwa kwa sura moja kabisa: be yenye kasra na lamu yenye kasra. Msomaji alitegemewa kujua. Utenzi ulisomwa kwa sauti na mtu aliyekwisha kuusikia, na vina vyake vilimwongoza pale ambapo herufi zilinyamaza.

Jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni nafasi. Katika hati ya Kiarabu herufi huungana, lakini alifu, dali, dhali, ree, zee na wau haziungani na herufi inayozifuata. Kwa sababu hiyo neno kama simba, likiandikwa kwa sini, yee na be, huwa kipande kimoja kisicho na mwanya. Neno dawa, kinyume chake, huandikwa kwa dali, alifu na wau, na kila herufi husimama peke yake. Kwa jicho lililozoea hati ya Kirumi, dawa huonekana kama vipande vitatu. Pengo, basi, si lazima liwe mpaka wa neno, wala mpaka wa neno hauna lazima ya kuwa na pengo. Mara nyingine mwandishi aliunganisha na pamoja na neno lililofuata, kama Waarabu wanavyofanya kwa wa yao.

Mwandishi mwenye kalamu ya mwanzi aliweza kuyatawala haya yote. Kasra ilipokaribia kugongana na nukta aliishusha kidogo. Mshororo ulipopungua kufikia ukingoni aliivuta herufi ikarefuka, akajaza mahali bila ya kupanua mianya. Vipande vya ubeti alivipanga safu kwa safu, akavitenga kwa alama, hata macho yaliuona ubeti kabla ya kuusoma. Misahafu ya Siyu, iliyosifika Pwani nzima kwa uzuri wa mwandiko, ni ushahidi wa ustadi wa mikono ya aina hiyo. Nafasi ilikuwa sehemu ya elimu ya mwandishi. Hakuna aliyeipima kwa kipimo kimoja kwa herufi zote.

3. Nafasi katika risasi

Herufi za risasi zilibadili hali hiyo kwa sababu ya umbo lake. Kila herufi ni kipande cha madini chenye upana wake, na vipande hupangwa ubavu kwa ubavu. Vipande viwili haviwezi kukaa mahali pamoja. Alama ya juu au ya chini haiwezi kuongezwa juu ya herufi iliyokwisha kumiminwa. Ni lazima herufi na alama yake vimiminwe pamoja, na kila mchanganyiko mpya ni gharama mpya.

Kwa hati ya Kiarabu gharama hiyo ilikuwa kubwa mno. Herufi moja huwa na sura hadi nne, kwa kadiri inavyokaa mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake. Ukiongeza irabu juu na chini, kasha la mpangaji huhitaji vipande kwa mamia. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliweka kiwanda cha chapa cha Kiarabu, lakini kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya Kiarabu vya dini na sheria. Kiswahili cha hati hiyo kiliendelea kunukuliwa kwa mkono. Hata Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha Al-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na aliyeitetea hati ya Kiarabu kuwa hati ya Waswahili, alikuwa akipigania hati ambayo zana za chapa hazikuipendelea.

Hati ya Kirumi ilipata chapa mapema zaidi, lakini nayo ilikatwa kwa kipimo cha kasha. Wasikilizaji makini walitambua upesi kwamba Kiswahili cha kaskazini kina tofauti ambazo herufi za Kiingereza hazionyeshi. Katika Kimvita na Kiamu, teka ya menoni ni cheka ya Kiunguja. Teka ya ufizini ni ile ya kuteka maji. Paa yenye mpumuo ni mnyama. Paa isiyo na mpumuo ni ya nyumba. Kaa yenye mpumuo hutembea ufuoni; kaa isiyo nao hutiwa motoni. W. E. Taylor, aliyekaa Mombasa na Ugiriamani na kutoa vitabu vyake vya methali za Kiswahili na vya Kigiriama mwaka 1891, alijitahidi kuzionyesha tofauti za namna hiyo kwa alama za ziada. Padre Charles Sacleux naye, katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, alipanga maneno ya lahaja nyingi kwa alama chungu nzima.

Lakini mkondo wa tahajia rasmi ulikwenda kwingine. Mkutano wa Dar es Salaam wa 1925 ulijadili usanifishaji. Ule wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi. Na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Kamati haikuweka alama ya mpumuo wala ya meno. Si haki kudai kwamba sababu ilikuwa mashine peke yake. Kuchaguliwa kwa Kiunguja, na haja ya kuwa na vitabu vya shule vilivyo rahisi kwa watoto na kwa mfuko, vilikuwa na uzito wake. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mpumuo haukuwa wa Mvita na Amu tu, hata Unguja ulikuwapo. Kilichoachwa nje ya tahajia hakikuwa ulahaja mtupu, bali kilikuwa pia sauti ambayo kuichapa kungeleta taabu. Mtoto wa Shella aliyepelekwa shule alifundishwa kuandika teka moja kwa maneno mawili aliyoyatamka mbali mbali, na hakuna aliyemweleza kwamba tofauti hiyo imo mdomoni mwake kwa haki.

4. Taipureta na kisa cha ng'

Sauti moja tu ya namna hii ilipewa alama yake katika tahajia sanifu, nayo ni ng'. Bila alama hiyo, ngoa ya wivu na tamaa isingetengwa na ng'oa ya kuondoa kitu na mizizi yake. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi moja kwa sauti hiyo, yaani n yenye mkia. Mkutano wa Niamey wa 1978 juu ya alfabeti za Kiafrika uliiweka tena herufi hiyo katika orodha yake. Lugha nyingi za Afrika ya Magharibi ziliipokea. Kiswahili kilibaki na kibainishi, na Kigiriama, jirani ya Shella, hukitumia vivyo hivyo katika neno lile lile, ng'ombe.

Faida ya kibainishi ilikuwa dhahiri: kilikuwa tayari katika kila kasha na kila taipureta. Hasara yake ilionekana baadaye. Katika taipureta ya kawaida herufi zote zina upana mmoja, 10 au 12 kwa inchi. M iliyonenepa hubanwa, na kibainishi kilichokonda hupewa nyumba kubwa kama ya m. Kwa hiyo ng'ombe ikipigwa taipu huonekana kama imekatika baada ya g, na mpangaji asiye Mswahili, akipokea mswada huo, aliweza kudhani kwamba pana maneno mawili.

Taipureta ilileta pia dawa moja iliyofaa kukumbukwa. Mashine za lugha zenye alama za juu zilikuwa na vitufe visivyosogeza gari: mpigaji hupiga alama kwanza, karatasi ikakaa pale pale, kisha herufi ikapigwa mahali hapo hapo. Hapa kwa mara ya kwanza chombo cha chapa kilikiri kwamba alama inaweza kuwapo bila kuchukua nafasi. Wazo hilo ndilo lililokuja kuwa msingi wa fonti za leo.

5. Nafasi katika fonti ya kidijitali

Kompyuta za mwanzo hazikuanza na wazo hilo. Msimbo wa Kimarekani wa 1963, uitwao ASCII, ulikuwa na nafasi 128, na zilizochapika zilikuja kuwa 95. Kiswahili sanifu kiliingia humo bila shida, kwa kuwa kilikwisha kupunguzwa hadi herufi za kawaida za Kirumi na kibainishi. Ukubalifu huo ulisifiwa kama bahati. Kwa hakika ulikuwa malipo ya yale yaliyoachwa mwaka 1930.

Msimbo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ulifungua mlango mpana zaidi. Be yenye nukta tatu chini, jimu yenye nukta tatu, fe yenye nukta tatu na kafu yenye mstari wa pili zilikuwamo tangu awali, kwa kuwa lugha nyingine, kama Kiajemi, zilizihitaji. Mwaka 2005 ikaongezwa safu ya herufi za Kiarabu kwa ajili ya lugha za Afrika na nyinginezo. Mtu aweza kusema, basi, kwamba jambo limekwisha. Kinyume chake, hapo ndipo lilipoanza, kwa sababu msimbo huitaja herufi tu, hausemi itakaa wapi. Kuikalisha ni kazi ya fonti.

Katika fonti kila umbo lina upana wake, na alama za juu na chini hupewa upana wa sifuri, kama kile kitufe kisichosogeza gari. Fonti nzuri huweka ndani ya kila herufi kituo kisichoonekana, na ndani ya kila alama kituo kingine. Mashine huvikutanisha viwili hivyo. Kasra, basi, hujua kukaa chini ya nukta tatu za pe, si juu yake. Fonti isiyo na vituo hivyo huiweka kasra mahali pamoja siku zote, na neno pili huchafuka. Tena, fonti isipokuwa na umbo linalotakiwa, mashine huazima kutoka fonti nyingine, yenye vipimo vingine. Alama ya meno iliyowekwa chini ya t husogea, na teka hupata pengo ambalo hakuna mtu aliyelitamka. Hiyo ndiyo asili ya kasoro ya kwanza na ya tatu tulizozitaja katika utangulizi.

Kasoro ya pili yatokana na mwanya. Mwandishi wa zamani alipohitaji kujaza mstari alivuta herufi. Programu nyingi hupanua mianya ya maneno tu. Katika ubeti uliojaa dali, ree na wau, mwanya wa ndani ya neno na mwanya wa kati ya maneno vikikaribiana kwa upana, msomaji hupotea. Fonti iliyochorwa kwa kupimwa na Kiarabu peke yake haikupata kujaribiwa kwa mfululizo wa Kiswahili, ambao una irabu katika karibu kila silabi na hivyo huhitaji alama karibu kila herufi.

Kibainishi cha ng' nacho kina kisa chake kipya. Katika Unicode kinaweza kuandikwa kwa njia tatu: kwa kile kilichonyooka cha taipureta, kwa alama ya kufungia nukuu, au kwa alama iliyohesabiwa kuwa herufi kamili. Kwa jicho zinakaribiana, lakini kwa mashine ni vitu vitatu mbali mbali. Mtafiti anayetafuta ng'oa katika mkusanyiko wa matini aweza kuikosa yote iliyoandikwa kwa njia nyingine; na programu iliyotengenezwa kwa lugha ambamo alama hiyo ni kituo hukata neno, ikahesabu ng kuwa neno na oa kuwa neno. Oa ni neno la Kiswahili lenye maana yake, na kosa la namna hiyo haligunduliki kwa urahisi.

Si kwamba hapana waliofanya kazi. Mwalimu Yahya Ali Omar, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008, alitoa pamoja na P. J. L. Frankl mwaka 1997 mapitio ya historia ya kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, yenye mapendekezo ya kuikamilisha. Katika miaka ya 2010 Kevin Donnelly alitengeneza programu iitwayo Andika!, ya kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu na kukigeuza kutoka hati moja hadi nyingine. Shirika la SIL limetoa fonti zinazojali alama, kama Scheherazade kwa hati ya Kiarabu na Charis kwa hati ya Kirumi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Amu imepigwa picha za kidijitali, na ile ya Chuo Kikuu cha London imeorodheshwa. Lakini picha ya mswada si matini. Haitafutiki, haipangiki upya, wala haifundishiki darasani mpaka iandikwe upya kwa herufi ambazo mashine inazitambua.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mwandishi wa kalamu aliacha sauti nyingi bila herufi, lakini aliitawala nafasi. Mpangaji wa risasi alikuwa na herufi zenye mipaka, akaziacha sauti zisizoingia kasha. Taipureta iliipa kila herufi nyumba sawa, stahili isiyo sawa. Fonti ya kidijitali haina ulazima hata mmoja katika hizo. Alama haigharimu madini, wala sura mpya haihitaji kasha jipya. Kisingizio cha mashine kimekwisha.

Kwa hiyo yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa na idara za lugha bila ya kusubiri watengenezaji wa ng'ambo. La kwanza ni kukubaliana juu ya msimbo mmoja wa kibainishi cha ng' katika matini zote za utafiti. La pili ni kutunga kurasa za majaribio, zenye maneno kama pili, chini, dawa na teka, pamoja na beti kamili, ili kila fonti ipimwe kwa Kiswahili kabla ya kutumiwa kuhariri miswada. La tatu, nalo ndilo lililo kubwa, ni kuamua kwa hiari, si kwa mazoea, iwapo matoleo ya kitaalamu ya tenzi za kaskazini yaendelee kuficha mpumuo na meno.

Wapo watakaopinga la tatu kwa hofu ya kuigawa tahajia sanifu. Hofu hiyo ina msingi kwa magazeti na vitabu vya shule, na haipendekezwi hapa kwamba viguswe. Lakini utenzi uliotungwa na watu waliotamka teka mbili, ukihaririwa kwa teka moja, umekwisha kufasiriwa kabla ya kusomwa. Na katika shairi, ambamo kina kimoja kinaweza kusimama juu ya tofauti hiyo, mhariri huwa amemrekebisha mtunzi bila kujua.

Mtu wetu wa Shella anao mswada wa babu yake, na bado yuko nyumbani bibi mmoja ajuaye kuusoma kama ulivyosomwa. Siku atakapokuwa hayupo, yatakayobaki ni yale yaliyopewa nafasi katika ukurasa.